Barua kutoka Georgia: Baada ya Kustaafu, Nani Anakusubiri?

Clarkston, Georgia

Kaka yangu mpendwa,

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza vizuri. Unasema sherehe ya kukuaga idarani ilifana, mkavishwa vitenge wewe na wifi, ukakabidhiwa cheti, wakubwa wakakusifu. Kisha wiki zikapita, simu za ofisi zikakoma, na sasa unaamka saa kumi na moja alfajiri kwa mazoea ya miaka yote ile ya kukimbilia pampu na mabomba, halafu unakuta huna pa kwenda. Mwisho ukaniuliza: huko Marekani, mtu akifika sitini anafanya nini na siku zake?

Nimeamua kukujibu kupitia safu hii badala ya simu, kwa kuwa swali hilo wanalo wengi. Kwetu Tanzania mtumishi wa umma anaweza kustaafu kwa hiari akiwa na miaka 55, na wengi hulazimika kuondoka wakifika 60. Huo ni umri ambao mtu bado anapanda milima ya Upare kwa miguu yake, na wengi wa rika lako Mungu atawajalia miaka mingine kumi na tano, ishirini, pengine zaidi. Miaka yote hiyo inataka kazi ya kuishika.

Jibu langu nalitanguliza, ili usome ukijua tunakoelekea. Tangu nihamie hapa nimeishi na wastaafu wa kila namna, wenye fedha na wasio nazo, weusi na weupe, wenyeji na wageni. Waliostawi ni wale ambao kuna mtu anawasubiri. Siku fulani, saa fulani, yupo binadamu ambaye asipowaona atauliza kulikoni. Ajira ilikuwa ikitupa jambo hilo bila sisi kulitambua: kulikuwa na mtu wa kutufungulia geti, na mwingine wa kulalamika tukichelewa. Ajira ikiondoka, jambo hilo huondoka nayo, na mtu anapaswa kulitafuta upya kwa makusudi. Mahali pa uhakika pa kulipata ni katika kuwatumikia watu wanaomzunguka.

Ngoja nikueleze mji huu, maana ndio ulionifundisha. Clarkston ni mji mdogo pembeni mwa Atlanta, katika kaunti ya DeKalb. Reli inaupasua katikati, na garimoshi la mizigo likipita, magari yote husimama kungoja. Una wakazi wapatao 14,000. Kuanzia miaka ya 1980 na 1990, mashirika yanayowapokea wakimbizi yaliuchagua kwa sababu ulikuwa na nyumba nyingi za kupanga za bei nafuu na usafiri wa umma wa kufika Atlanta. Walitangulia Wavietinamu, wakaja Wabosnia, Wasomali, Waethiopia, Wabhutan wenye asili ya Nepal, watu wa Burma, Wasiria na Waafghanistan. Kwa zaidi ya miaka kumi sasa wamekuja pia Wakongo na Warundi. Ukisimama nje ya duka la vyakula Jumamosi utasikia Kiswahili cha Bukavu na Uvira, na utasikia pia cha vijana ambao Kongo hawajaiona kwa macho yao, kwa kuwa walizaliwa na kukulia Nyarugusu, ile kambi iliyofunguliwa mwaka 1996 wilayani Kasulu. Wakishajua natoka Tanzania, huniita shangazi papo hapo na kuniuliza habari za Kigoma, ambayo wao wanaijua kuliko mimi.

Wazazi wao wengi wanafanya kazi katika viwanda vya kuku kaskazini mwa jimbo. Huondoka kwa magari ya pamoja kabla ya jua kuchomoza na kurudi mikono ikiwa imekufa ganzi kwa baridi ya kiwandani. Sasa fikiria, kaka. Mtoto wa darasa la tatu akirudi na kazi ya shule ambayo mama yake hawezi kuisoma, nani atakaa naye? Bibi akiwa na miadi ya daktari katika jimbo ambalo bila gari hufiki popote, nani atampeleka? Barua ya shule, ya bima na ya mwenye nyumba, zote kwa Kiingereza cha kisheria, nani atazifungua na kueleza zinataka nini na kabla ya tarehe ipi? Mashirika yana wafanyakazi wachache na msaada wao huhesabiwa kwa miezi. Hapo ndipo wanapoingia watu waliomaliza ajira.

Namjua mzee mmoja aliyekuwa dereva wa basi la shule, sasa amevuka sabini. Jumanne na Alhamisi huwabeba wazee kwa gari lake kuwapeleka kliniki na kuwarudisha. Kiswahili chake ni kuitikia "marahaba" watoto wakimwamkia, na huitikia kwa fahari kubwa. Aliniambia kwamba baada ya kufiwa na mkewe alikuwa anaweza kukaa siku tatu bila kutamka neno. Leo kuna bibi wa Kirundi ambaye mzee huyo akichelewa dakika kumi, utamkuta ameshatoka kibarazani na mkoba wake, akitazama barabara. Hawana lugha ya kuzungumza, lakini mzee anajua kuna mtu ameiangalia saa kwa ajili yake.

Namjua pia mwalimu mstaafu wa hisabati anayewafundisha akina mama Kiingereza sebuleni kwa mmoja wao, watoto wakiwa mapajani. Hakuanza na vitabu. Aliwauliza wanaogopa nini. Wakamwambia wanaogopa mtoto akiugua usiku na wao hawajui kuita gari la wagonjwa. Somo la kwanza likawa kupiga 911, kutaja anwani ya nyumba na kueleza mgonjwa ana nini. La pili likawa kusoma maandishi kwenye chupa ya dawa. Mwanamke ambaye miezi michache nyuma alikuwa akijificha simu ikilia, siku moja aliita gari la wagonjwa kwa ajili ya jirani yake. Mwalimu yule aliposimulia habari hiyo machozi yalimtoka, mwanamke mzima aliyefundisha kwa miongo mitatu.

Lakini mtu ambaye ningependa umjue zaidi ni mama mmoja wa Uvira. Alikuwa mkunga kambini. Alifika hapa akiwa na miaka zaidi ya sitini, akapewa chumba, msaada wa chakula, na ushauri kwamba apumzike. Mwaka wake wa kwanza ulikuwa mgumu, kwa sababu hakuna aliyemhitaji. Watu walimletea vitu, wakamwinamia, wakaondoka. Hali iligeuka siku muuguzi alipomwomba aandamane na msichana wa Kikongo aliyekuwa na mimba ya kwanza, aliyekuwa hasemi na daktari kwa hofu na haya. Mama akaenda, akamshika mkono, akamwuliza maswali ambayo mkunga pekee anajua kuyauliza, na msichana akafunguka. Sasa ndiye anayeitwa kila mara. Anaketi na wajawazito wasio na mama zao karibu, anawaeleza watakayokutana nayo hospitali, na baada ya kujifungua anawapikia uji na kumwangalia mtoto ili mzazi alale. Watu wengi huku hudhani utumishi hutoka kwa mwenye kitu kwenda kwa asiye nacho. Mama huyu hana akaunti yenye fedha, hana gari, na Kiingereza chake ni cha kuombea maji. Alichonacho ni miaka yake, na miaka hiyo imewafaa wanawake wengi. Jungu kuu halikosi ukoko, kaka.

Mimi nami nimevuka hamsini, watoto wameshajitegemea, na kwa kuwa bado naajiriwa katikati ya wiki, nimeiweka Jumamosi asubuhi kwa ajili ya kutafsiri katika zahanati inayoendeshwa na madaktari na wauguzi wa kujitolea, baadhi yao wastaafu. Mgonjwa anaeleza maumivu ya kifua kwa Kiswahili cha Fizi, mimi nayapeleka kwa daktari, daktari anauliza, nami narudi kwa mgonjwa. Kazi hiyo imenionyesha jambo ambalo kazi yangu ya mshahara haikunionyesha: daktari mzee asiye na haraka husikia mengi. Daktari kijana wa hospitali kubwa ana dakika chache kwa kila mgonjwa. Huyu wa Jumamosi anaweza kumwacha mama aanze tangu siku aliyokimbia kijiji chake, kwa kuwa anajua ugonjwa wa kifua nao una historia. Uzee wake umekuwa sehemu ya dawa.

Jimbo hili la Georgia lina mfano mmoja mkubwa ambao dunia nzima inaujua, nami naomba uutazame kwa jicho la fundi wa maji. Jimmy Carter alizaliwa mwaka 1924 Plains, mji wa wakulima wa karanga wenye watu wapatao 600. Alishindwa uchaguzi wa Novemba 1980 baada ya muhula mmoja wa urais wa Marekani. Alitoka Ikulu Januari 1981 akiwa na miaka 56, mkewe Rosalynn akiwa na 53. Walirudi Plains wakakuta biashara yao ya karanga ina deni la karibu dola milioni moja. Mwanamume aliyekuwa akiamua mambo ya dunia aliamka asubuhi katika nyumba yake ya kijijini akiwa hana ratiba. Mshtuko wa siku hizo yeye na Rosalynn waliuandikia kitabu mwaka 1987, wakiwaeleza wenzao wa umri huo namna ya kuitumia nusu ya pili ya maisha.

Mwaka 1982 walianzisha Carter Center hapa Atlanta. Mwaka 1984 wakaanza kujenga nyumba za watu wa kipato kidogo pamoja na Habitat for Humanity, shirika ambalo nalo lina mguu Afrika. Mwanzilishi wake, Millard Fuller, alikuwa wakili na mfanyabiashara tajiri. Yeye na mkewe Linda waliachana na utajiri wao, na kuanzia 1973 wakaenda Kongo, enzi hizo ikiitwa Zaire, kujenga nyumba pamoja na wananchi. Waliporudi mwaka 1976 wakaanzisha shirika hilo mjini Americus, jirani kabisa na Plains. Familia inayopata nyumba huchangia saa zake za kazi kwenye ujenzi, kisha hulipa mkopo usio na faida kwa mkopeshaji. Akina Carter walishika nyundo kila mwaka kwa miongo zaidi ya mitatu, na nyumba zilizojengwa au kukarabatiwa katika kazi hizo zilizidi 4,000, katika nchi 14. Oktoba 2019, akiwa na miaka 95, mzee alianguka nyumbani akashonwa nyuzi 14 usoni. Siku iliyofuata alikuwa Nashville, jicho likiwa limevilia damu, akifanya kazi na mafundi.

Sasa nifike kwenye maji. Mwaka 1986 kulikuwa na wagonjwa wanaokadiriwa kufika milioni 3.5 wa mnyoo wa Guinea katika nchi 21 za Afrika na Asia. Mtu hunywa maji ya bwawa yenye vijidudu vidogo vilivyobeba mabuu. Baada ya takriban mwaka, mnyoo wenye urefu unaoweza kufika mita moja hutoboa ngozi na kutoka taratibu, mara nyingi mguuni, kwa maumivu kama ya moto. Mgonjwa akitumbukiza mguu majini ili upoe, mnyoo humwaga mabuu mapya na kijiji kizima kinakunywa tena. Chanjo hakuna, na dawa ya kuuponya hakuna. Njia ni kuchuja maji kwa kitambaa, kumzuia mgonjwa asiingie kwenye chanzo cha maji, na kutoa taarifa mapema kila anapoonekana mgonjwa. Carter Center iliposhika uongozi wa vita hiyo, Carter alitumia jina lake kubisha hodi kwa marais na wafadhili. Mwaka 2022 wagonjwa waliopatikana duniani kote walikuwa 13. Uganda ilithibitishwa kuwa huru mwaka 2009, Kenya mwaka 2018, na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo mwaka 2022.

Nakuomba ujiulize ni nani aliyeziangalia familia za vijiji hivyo kila siku. Rais mstaafu hakuweza kukaa kwenye kila bwawa. Walikuwa wanavijiji wa kujitolea, wanawake kwa wanaume, waliopita nyumba kwa nyumba na vitambaa vya kuchujia, wakirudi tena na tena kuuliza kama kuna mwenye uvimbe mguuni. Carter alipata Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2002, na aliistahili. Lakini kazi ile ilisimama juu ya watu ambao majina yao yanajulikana kijijini kwao tu. Rais aliwahitaji wao, nao walihitaji mtu wa kuwasemea mbele ya wakubwa. Alipofariki tarehe 29 Desemba 2024 akiwa na miaka 100, alikuwa amekaa Ikulu miaka minne na kutumikia nje ya Ikulu karibu miaka 44. Nikiziweka hesabu hizo pamoja, naona sababu ya kutoionea huruma barua yako ya kustaafu.

Usije ukasema hayo ni ya Wamarekani. Mwalimu Nyerere aliachia urais mwaka 1985 akiwa na miaka 63, akarudi Butiama kulima. Mwaka 1987 alianza kuiongoza Tume ya Nchi za Kusini. Mwaka 1996 akabeba usuluhishi wa Burundi, kazi ngumu isiyo na sifa za haraka, ya kuwakalisha meza moja watu waliokuwa wanauana. Alifariki Oktoba 1999 kazi hiyo ikiwa bado mikononi mwake. Ikapokewa na Nelson Mandela, naye akiwa na miaka 81 na ametoka tu urais, na makubaliano yakasainiwa Arusha Agosti 2000. Warundi ninaokutana nao hapa, wale wa umri wetu, wakimtaja Mwalimu humtaja kama mzee wa familia yao. Wapo ambao hawakumbuki hotuba zake za ujamaa, lakini wanakumbuka kwamba alizeeka akiwashughulikia wao.

Kwetu utumishi wa pamoja haujapungua. Msiba ukitokea watu hujaa, mahema husimama, michango hukusanywa kabla jua halijazama. Msaragambo, ile kazi ya pamoja ya kijiji, ukiitwa, barabara hulimwa. Hayo huku hawana, na wakiona picha zetu hushangaa. Ila nimeona jambo moja linalotupunguzia nguvu. Mtu akistaafu, tunampa heshima ya kukaa. Anaandaliwa kiti cha mbele msibani, anaombwa neno la hekima kwenye harusi, na kazi yenyewe inafanywa na vijana. Tunadhani tunamtunza, kumbe tunamwondoa. Heshima kubwa zaidi kwa mtu aliyetengeneza pampu maisha yake yote ni kumwambia: mzee, pampu yetu imekufa, njoo utuonyeshe.

Naelewa pia kwamba mstaafu wa kwetu hafanani na wa hapa. Suala la kikokotoo cha pensheni limewaumiza watu vichwa, mafao huchelewa, na wapo wanaosomesha wajukuu kwa pensheni ile ile. Sitamwambia mtu mwenye njaa akajitolee. Wewe mwenyewe una shamba na kuku wa wifi, na vije kwanza. Ninachokiomba ni siku moja ya wiki, au nusu siku. Wale ninaowaona huku wakidumu ni wale walioahidi kidogo wakakitimiza. Wenye kuahidi wiki nzima huchoka, na wakiondoka huacha jeraha. Mtoto aliyezoea kusomeshwa na babu fulani kila Jumatano, babu akitoweka bila kuaga, hujifunza kutomwamini mtu mzima anayefuata. Ndiyo maana mashirika mengi huku hayamkubali mtu siku ya kwanza. Wanachunguza rekodi yake polisi, hasa akitaka kukaa na watoto, wanampa mafunzo, kisha wanamwuliza atakuja siku gani. Kwetu tungefaidika tukiwa wakali hivyo.

Jingine nililojifunza ni kuuliza kabla ya kusaidia. Yule mwalimu wa hisabati alifanikiwa kwa sababu alianza na hofu za wenyeji wake. Nimeona pia watu wema wakifika na mifuko ya nguo za baridi kwa familia iliyokuwa inahitaji mtu wa kuwaandikia barua ya kupinga kufukuzwa kwenye nyumba. Zaidi ya hapo, kujitolea kusiwe kisingizio cha wenye wajibu kukaa pembeni. Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha mpango wa kuwapokea wakimbizi, fedha za mashirika zikakatwa, wafanyakazi wakapunguzwa. Wastaafu wamejitahidi kuziba mapengo, lakini mzee mwenye gari moja hawezi kulipa kodi za nyumba za familia ishirini. Anayejitolea ana haki na wajibu wa kusema hivyo kwa sauti, na uzuri wa kustaafu ni kwamba hakuna bosi wa kumtisha.

Narudi kwako sasa. Tangu sheria ya huduma za maji ya mwaka 2019, miradi ya vijijini inaendeshwa na vyombo vya wananchi wenyewe chini ya uangalizi wa RUWASA, wakala wa maji vijijini. Wewe unajua kuliko mimi kinachoiua miradi hiyo: kifaa cha bei ndogo kimeharibika na hakuna anayejua jina lake dukani, au daftari la makusanyo halieleweki na watu wamegoma kuchangia. Kijana aliyechaguliwa kuwa fundi wa kijiji amepata mafunzo mafupi, kisha ameachwa peke yake na mtambo. Kijana huyo anahitaji mtu wa kumpigia simu usiku maji yakikatika, na mtu wa kusimama naye mara ya kwanza anapofungua pampu. Kamati inahitaji mtu asiye na tamaa ya cheo wa kuipitia hesabu mbele ya mkutano. Hakuna chuo kinachoweza kumtoa mtu wa namna hiyo kwa miezi sita. Serikali ilikutengeneza kwa miaka zaidi ya thelathini, na sasa imekukabidhi kwa wananchi.

Halafu kuna ndiva. Wazee wa Upare walijua kuyakusanya maji ya usiku nyuma ya ukuta wa udongo na mawe, wakayafungulia mchana yashuke kwa mifereji shamba kwa shamba, kila mtu kwa zamu yake. Ile ya kijijini kwetu mama anasema imejaa tope, na zamu zimekuwa ugomvi. Wanaojua mifereji yote ilikopita wamebaki wachache, mama akiwa mmoja wao. Wewe una elimu ya vipimo, wao wana kumbukumbu, na vijana wana mikono na simu za kupigia picha. Mkikaa pamoja mkaichora ramani ya mifereji ile, mkaita msaragambo wa kuzoa tope, mkaandika zamu upya na kuzibandika ofisi ya kijiji, mtakuwa mmefanya jambo ambalo wajukuu watakula mahindi yake. Usilifanye peke yako. Mkusanye yule mwenzako aliyestaafu ualimu, na muuguzi wa zahanati aliyerudi nyumbani mwaka jana. Mtu mmoja akijitolea huonekana ana ajenda. Wakiwa watatu wanne, kijiji huwaamini upesi.

Kwa hiyo nakuomba ufanye mambo mawili kabla mwezi huu haujaisha. Nenda kwa mwenyekiti wa kijiji, usiende na mpango wako, nenda na swali: maji yanawasumbua wapi? Kisha chagua siku moja ya wiki, uitangaze kwenye mkutano, na yule fundi kijana umwambie mbele za watu kwamba siku hiyo atakukuta penye mtambo. Mimi nimeshaongea na Wapare wenzetu wa Atlanta. Tuko tayari kuchangia vifaa mtakavyovitaja kwa majina na bei, baada ya kamati kuleta hesabu zake. Hatutatuma fedha pasipo na mtu wa kusimamia, na ndiyo maana tunakuhitaji wewe kwanza.

Msalimie sana mama, umwambie nitampigia Jumapili baada ya ibada. Wifi mwambie kitenge kilimpendeza, picha nimeziona. Nijibu uniambie umechagua siku gani, niwaeleze na wenzangu huku.

Ni mimi mdogo wako,
Clarkston